Siku moja na chombo kinachosikia hata mashine ya kusaga

Saa 10 alfajiri. Hufungua kompyuta kabla ya chai, kwa sababu huu ndio wakati ambao seismomita yetu, chombo cha kupima mitikisiko ya ardhi, iliyofukiwa ardhini huku Ngaramtoni nje ya Arusha, huisikia dunia yenyewe. Mstari wa rekodi kwenye skrini umetulia, na mtikisiko unaobaki ni ule mpole unaojirudia kila sekunde saba hivi, ambao hutokana na mawimbi ya bahari, ingawa Tanga iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa.

Saa 12 asubuhi. Daladala za kwanza zinateremka barabara ya Namanga kuelekea mjini, na mstari unaanza kunenepa. Mitikisiko ya binadamu huonekana hasa juu ya hezi moja, yaani mtikisiko mmoja kwa sekunde, na matetemeko madogo ya karibu nayo hukaa humo humo, hivyo kuchuja kelele yote ni kulichuja na tetemeko.

Saa 3. Kwa siku kadhaa nimekuwa nikiona kwenye picha ya masafa, inayoonyesha kasi ya mitikisiko kadiri muda unavyopita, uzi mwembamba ulionyooka, karibu na hezi 24. Tetemeko halitoi mlio mmoja kwa saa nzima; mota hutoa. Mota nyingi zinazotumia umeme wetu wa hezi 50 huzunguka pungufu kidogo ya mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo nilitoka kwa miguu kuitafuta, na katika uchochoro wa pili nikakuta mashine ya kusaga.

"Shikamoo, mama. Naomba uizime dakika tano tu."

"Marahaba, mwanangu. Subiri debe hili liishe."

Nilisubiri, na unga ukanitua mabegani. Niliporudi, uzi ulikuwa umekatika kwa dakika zile zile nilizoziandika.

Saa 8 mchana. Makande, kisha taarifa.

Saa 10 jioni. Nililinganisha rekodi zetu na za kituo cha mbali, kwa kuwa lori la kokoto husikika kwetu tu, ilhali tetemeko hufika kote kwa nyakati tofauti. Mwaka 2020, nchi nyingi zilipofunga shughuli kwa sababu ya korona, kelele hii ya binadamu ilishuka kwa hadi asilimia 50 katika vituo vingi duniani. Ulaya hutulia pia wakati wa Krismasi. Kule Moshi, Wachaga wakirudi nyumbani, nisingeshangaa ikiwa kinyume.

Saa 5 usiku. Bodaboda zimepungua. Mtikisiko mdogo umeingia, na wimbi lake la pili, lililo polepole zaidi, likafuata sekunde 11 baadaye; pengo hilo hukua kadiri chanzo kilivyo mbali, na la leo linamaanisha chanzo kiko kama kilomita 90 kutoka hapa, umbali wa mlima Gelai, kulikotetemeka sana Julai 2007. Tetemeko hili lingetokea saa 3 asubuhi, lingepita chini ya daladala nisilione.