Boksi la Kathakali: Bhima anakaribia kuisha

Haya wadau, nimerudi na boksi langu. Kwa mgeni, natengeneza jukwaa dogo la kuweka mezani lenye tukio moja tu, Bhima anakutana na Hanuman msituni, vile wanavyolicheza kwenye Kathakali, tamthilia ya kucheza ya Kerala huko kusini mwa India.

Stori ni hivi, Draupadi kaletewa na upepo ua lina harufu ya ajabu, akamtuma mumewe Bhima akamtafutie mengine. Bhima si mnamjua, jibaba la miraba minne, anapasua msitu na rungu lake mpaka anakuta nyani mzee kalala katikati ya njia, anamfokea atoke, nyani anasema mie sijiwezi bwana, sogeza tu mkia wangu upite. Akatia rungu ausogeze, wapi! Kumbe ndo Hanuman mwenyewe, kaka yake, maana wote baba yao ni Vayu, mungu wa upepo.

Wiki hii nilikuwa kwenye uso wa Bhima. Ni wa kijani, kundi wanaloliita pacha, la mashujaa na wafalme wema. Duryodhana na Ravana, wabaya wa hadithi hizi, nao wana kijani lakini wanachorwa kitu chekundu kama kisu mashavuni na vidonge vyeupe puani na kwenye paji, hao ni kathi, majeuri wenye damu ya kifalme. Kijani cha asili wanachanganya manayola, madini ya njano, na nili kwa mafuta ya nazi, na wekundu unatoka kwenye chayilyam, madini mekundu. Ya kwanza ina aseniki, ya pili ina zebaki, zote sumu, kwa hiyo mimi nimejinunulia rangi za maji za dukani, nina watoto ndani.

Kazi iliyonikalisha ni chutti, ule ukingo mweupe unaozunguka taya. Mchezaji analala chali, fundi anampaka mistari ya uji mzito wa unga wa mchele na chokaa halafu anashikiza karatasi zilizokatwa upinde, mambo ya masaa, wengine wanapitiwa na usingizi kabisa. Kerala Kalamandalam, chuo alichoanzisha mshairi Vallathol mwaka 1930, chutti ni fani yenye wanafunzi wake, sio kazi ya msaidizi wa nyuma ya pazia. Mimi nimekata karatasi ya manila kwa mkasi wa kucha, gundi ya mbao, basi.

Ila utamu niliupata usiku. Chini ya balbu Bhima alikuwa mdoli tu, nikazima taa nikamuwekea kibatari mbele, chini kidogo ya kifua, maana kule wanacheza mbele ya taa kubwa ya shaba ya mafuta ya nazi. Kijani kikazama gizani, ule ukingo mweupe ukadaka mwanga ukaurudisha usoni, ghafla unaona nyusi na macho tu. Nikaelewa kwa nini wanatia kijimbegu cha mmea wa chunda chini ya kope mpaka weupe wa jicho uwe mwekundu. Mchezaji haongei, waimbaji wawili wanasimama nyuma yake, ngoma za chenda na maddalam zinapiga, yeye kazi yake ni mikono (alama za msingi 24) na macho. Kwenye mchezo huuhuu kuna sehemu Bhima anaona chatu kamkamata tembo mguu, simba naye anakuja, na wote watatu anawacheza mtu mmoja bila kubadili nguo, sasa jicho lisipoonekana umekwisha.

Hanuman bado, ndevu zake nyeupe nafikiria pamba au manyoya ya mbuzi, pamba naona inakaa kibabu cha Krismasi. Na pazia nimeshapata kipande cha satini kwa fundi cherehani, halining'inizwi, linashikwa na watu wawili, na wakali kama kathi wanalivuta chini taratibu wakijionyesha kidogo kidogo huku wananguruma. Bhima hahitaji hayo mbwembwe ila pazia lazima liwepo. Anayejua wanapouza karatasi ya dhahabu isiyochanika ovyo aniambie, taji liko uchi.