Mgeni wa Simbi na ule ukuta wa mayatima

Kwetu dini zilichanganyika kitambo. Mamangu ni Msabato wa Karachuonyo, babangu alibatizwa Katoliki na akabaki hivyo hata kama misa anaenda Krismasi na Pasaka tu, na mimi naishi hapa Pangani kwa fleti ambayo adhana ya alfajiri inaniamsha kabla alamu yangu haijalia. Kwa hivyo nikisema hii wiki nimekuwa nikiwaza mambo ya wageni wa Mungu msidhani nimeokoka upya, ni vile tu hizi stori ziko kila mahali na zimeanza kunisumbua.

Ya kwanza ni ya dani, yaani nyanya yangu. Kama umewahi kufika Kendu Bay unaijua Simbi Nyaima, kale kaziwa ka mviringo ka maji ya kijani, yana chumvi, na kukiwa na bahati unapata flamingo wamejaa. Wanajiolojia wanasema ni kreta ya volkeno na sina ubishi nao. Dani anasema palikuwa kijiji. Kulikuwa na sherehe, ngoma na pombe, akatokea ajuza mwenye vidonda anataka tu kuota moto na kupata kitu cha kula, wakamfukuza kama mbwa. Mama mmoja tu ndiye aliyemwingiza kwake, akamwosha, akamlisha. Ajuza akamwambia chukua watu wako mtoke usiku huu huu. Mvua ikapiga, na kulipokucha kijiji hakuna, ni maji. Dani akifika hapo kwa vidonda huwa anapunguza sauti na kuonyesha kwa muundi wake mwenyewe mahali vilipokuwa, hapa, na hapa, na hapa, hadi nikiwa mtoto niliamini alimwona huyo ajuza kwa macho. Na mjue dani si mtu wa mchezo, ni Msabato wa hapo karibu na Gendia ambako misheni ilianza 1906, Ijumaa jua likitua jiko limeshazimwa. Lakini Simbi hajawahi kuiita ushirikina. Ameiweka rafu moja na Sodoma.

Sasa, mlango wa pili kutoka kwangu anakaa mama mmoja wa Lamu, ploti nzima tunamwita Bi Mkubwa. Ramadhani haipiti bila sahani ya kaimati kugonga kwangu. Juzi tulikuwa juu tunaanika nguo nikamwambia stori ya Simbi, akacheka, akasema "hiyo mbona tunayo", akaanza na Nabii Ibrahimu. Hapo tukabishana kidogo kwa sababu mimi nilikuwa na Mwanzo 18 kichwani, Abrahamu anawakimbilia wale watu watatu juani, anaandaa ndama na siagi na maziwa, wanakula. Bi Mkubwa akasema la, hawakula. Kwenye Surat Hud ndama wa kuchoma anawekwa mbele yao na Ibrahimu anaona mikono yao haigusi, anaingiwa na hofu, maana mgeni anayekataa chakula chako anakutakia nini? "Malaika ale nyama, mwanangu?" Nikanyamaza. Kwa kweli hiyo ya kutokula inatisha zaidi, na nimeipenda.

Na Wayahudi pia wanamngoja wao. Usiku wa Pasaka yao wanamwekea Eliya kikombe cha divai na kuna wakati wanamfungulia mlango kabisa. Huwa nawaza hivyo nikipita ile sinagogi ya University Way kwa matatu, kwamba hapo ndani kuna watu wenye nabii ambaye kila mwaka ana nafasi yake mezani. Eliya mwenyewe alipokuwa mgeni hakuwa na haya hata kidogo, yule mjane wa Sarepta ana konzi moja ya unga, anataka apikie mtoto wale wafe, na jamaa anamwambia nitengenezee mimi kwanza. Kwanza! Najua mwisho wake unga haukuisha, lakini bado.

Hapa ndipo panaponisumbua. Karibu zote ni mtihani. Mlango unagongwa na wewe hujui ni nani, ukifungua umepona, ukifunga umezama. Hata ile ya Waebrania ya watu kuwakaribisha malaika pasipo kujua, ukiisikia kwa mahubiri inatumiwa hivyo hivyo, mpe huyo ombaomba maana pengine ni malaika. Na kama si malaika? Kama ni mzee tu ana njaa na kesho atarudi tena na hana baraka yoyote mfukoni?

Bi Mkubwa ndiye alinipa ile nyingine. Yeye Surat al-Kahf anaisoma kila Ijumaa, ana ule msahafu mkubwa wenye jalada limechanika. Nabii Musa anasafiri na mja fulani ambaye Kurani haimtaji jina, hadithi ndizo zinasema ni Hidhri. Jamaa anatoboa jahazi la maskini, anaua kijana, Musa kila mara anashindwa kunyamaza. Alafu wanafika mji mmoja, wana njaa, wanaomba chakula, wananyimwa. Nikajua sasa hapa ni Simbi, mji unazama. Hauzami! Hidhri anaona ukuta unataka kuanguka, anausimamisha, bure, ndani ya mji huo huo uliowanyima. Musa anamwambia si ungechukua hata ujira. Kumbe ukuta ni wa mayatima wawili na chini yake kuna hazina yao, baba yao alikuwa mtu mwema. Mgeni aliyefukuzwa anawafanyia kazi watoto wa mji na anaondoka na njaa yake. Nimeirudia hiyo stori kichwani nikiwa kwa foleni ya benki, nikiosha vyombo, na nadhani nikiulizwa leo naamini nini ningeanzia hapo.

Na kama unataka kuona hiyo kitu ikifanyika kwa ground, simama Makindu ukienda Mombasa. Hekalu la Masingasinga, wajenzi wa reli ndio waliolianzisha 1926. Unavua viatu, unafunga kitambaa kichwani, unakaa, unapewa dengu na chapati moto na chai, unaambiwa tu usibakishe. Dereva wa lori, familia ya harusi, mtu wa gesti, wote sawa, ni desturi yao tangu Guru Nanak. Hakuna anayekuuliza dini wala kukuangalia kama pengine wewe ni malaika. Umekula, umeenda.

Hapa kwetu komiti imebandika notisi kwa geti, hakuna mgeni bila kupigiwa simu, na soja ana kitabu cha kuandika jina na kitambulisho. Sababu naielewa, watu wameibiwa mtungi wa gesi. Lakini yule ajuza wa Simbi angeandika namba gani?

Nilimpigia dani nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: huyo mama mwema alipoambiwa atoke, mbona hakugongea majirani? Akakaa kidogo. "Aligonga," akasema, "nyumba zote." Sasa mbona hawakutoka? "Walikuwa wamelewa, wakamwambia aache kelele." Sijui kama hiyo iko kwa stori ya kila mtu ama ameiongeza mwenyewe hapo hapo, lakini nilivyomjua dani sikumuuliza, na yeye alikuwa ameshahamia kwa habari ya ng'ombe aliyezaa.