Meseji za WhatsApp zilizochelewa kwenye GrapheneOS

Pixel, simu ya Google, yenye GrapheneOS (mfumo wa simu unaotilia mkazo faragha) haiji na huduma za Google, na kero huanzia hapo: mteja wa Kikuubo, mtaa wa maduka Kampala, anaandika saa nne, simu inalia saa sita, pale unapofungua WhatsApp mwenyewe. Programu nyingi hutegemea huduma hizo ziziamshe zikiwa zimelala.

Fungua duka dogo la programu linalokuja na simu, usakinishe Google Play services na Play Store. Kwenye GrapheneOS hukaa kama programu za kawaida, bila mamlaka ya pekee, kwa hiyo faragha haijauzwa. Ziachie ruhusa ya mtandao. Kisha ingia kwenye matumizi ya betri ya Play services, uondoe kizuizi. Wengi huruka hapa, na meseji huanza tena kuchelewa simu ikilala mfukoni.

Hifadhi nakala ya mazungumzo, futa WhatsApp, uisakinishe upya ili ijisajili kwenye huduma hizo. Ikiomba namba zako zote, chagua Contact Scopes, sehemu ya kuamua namba zipi programu izione, uipe za wateja tu.

Pesa za simu hapa Uganda hazihitaji programu: *165# ya MTN na *185# ya Airtel hufanya kazi kama kawaida.