Mgeni wa Mwaka

Mwezi wa Julai mwaka 1996, nilipokuwa na umri wa miaka 12, mama alinipandisha gari la shamba pale Darajani, akanikabidhi kwa utingo, na kunituma peke yangu Makunduchi, kusini mwa Unguja, nikakoge mwaka, yaani nikasherehekee mwaka mpya wa jadi, na bibi. Mama alikuwa hajamaliza arubaini ya uzazi, na wajomba zangu wawili walikuwa kazini Pemba, kwa hiyo mwaka huo hapakuwa na mwingine wa kwenda. Njia nzima, kuanzia Tunguu hadi msitu wa Jozani na njia panda ya Kitogani, nilikumbatia kikapu chenye mchele na vitunguu kana kwamba nimebeba amana ya ukoo mzima.

Bibi hakuwa na kalenda ukutani. Alihesabu siku kwa miongo, yaani makumi ya siku yanayoanzia Siku ya Mwaka: miongo 36, kisha siku 5 za ziada, jumla siku 365. Watu wa pwani walifunga na kusherehekea Idi kwa mwezi mwandamo, lakini mwezi huo huzunguka misimu yote, na mkulima anayetaka kujua lini apande, au nahodha anayesubiri kusi liishe na kaskazi lianze, hawezi kuutegemea. Ndiyo maana waliushika na mwaka wa jua sambamba na ule wa Hijria. Nairuzi, jina jingine la Siku ya Mwaka, limetoka Uajemi na maana yake ni siku mpya. Yapo maeneo mengi ya pwani ambako desturi hii imefifia, lakini Makunduchi hawajaiachia, na mimi ninawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Alfajiri ya Siku ya Mwaka bibi aliuzima moto wa jana, akayazoa majivu yote katikati ya mafiga hadi ardhi ikabaki tupu, akayatupa mbali na nyumba. Kisha tukateremka pwani pamoja na wanawake wa mtaa. Kilikuwa kipupwe, upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, na meno yangu yaligongana kabla sijayagusa maji. Bibi aliniwekea kiganja utosini, akanimwagia maji ya bahari kwa kata mara tatu, huku akinuia jambo kwa sauti ndogo ambayo sikuisikia na wala sikuthubutu kuuliza.

Tuliporudi aliwasha moto mpya na kuteleka wali wa nazi. Kuku alikuwa amekwisha kuchinjwa. Ndipo aliponiita.

"Abee, bibi."

"Nyumba inayopitisha Mwaka bila ya mgeni haina heri. Mgeni wetu nani?"

Nilishangaa. "Si mimi, bibi?"

"Mjukuu si mgeni. Wewe ni wa hapa. Nenda Kaekuu ukanitafutie mgeni, na usirudi bila ya mtu."

Kaekuu ni uwanja mpana, na siku hiyo ulijaa watu. Wanaume wa upande wa kaskazini na wa upande wa kusini walikuwa wameanza kupigana kwa vigogo vibichi vya migomba, wengine wamevaa makoti mazito na kujifunga vilemba vya nguo kuukuu ili kuzuia vipigo. Kigogo cha mgomba kimejaa maji. Kinapompata mtu mgongoni hutoa mlio mzito, kisha hupasuka na kumrushia utomvu usoni, na mwenye kinyongo cha mwaka mzima hukitoa pale pale, mbele ya watu wote, na kikaishia pale. Wanawake walizunguka kwa makundi, wamevaa kanga mpya, wakiimba nyimbo za mafumbo ambazo watu wazima walizicheka na sisi watoto tukajifanya hatukuzielewa. Baadaye kikatiwa moto kibanda cha makuti, waliokuwa ndani wakachopoka mbio, na wazee wakanyamaza wakiutazama moshi unakoelekea, kwa kuwa humo husomwa hali ya mwaka unaoingia.

Mimi sikuutazama moshi. Nilikuwa natafuta mtu asiye na kwake pale, na kila niliyemfuata alikuwa amekwisha kualikwa. Nilikaribia kulia nilipomwona kijana mmoja amesimama chini ya mwembe, mbali na wenzake, suruali yake ina matone ya saruji yaliyokauka. Alikuwa fundi mwashi kutoka Tabora, na hiyo ilikuwa wiki yake ya kwanza Unguja.

"Dada mdogo," aliniuliza, "hawa wamegombana kwa sababu gani?"

"Hawagombani, kaka. Wanamaliza. Bibi yangu anakuita ukale."

Alidhani nimemfananisha. Nilimshika mkono wa shati na sikumwachia mpaka mlangoni, ambako alibisha hodi kwa sauti ya mtu aliye tayari kuomba radhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu Mwaka."

Bibi mwenyewe ndiye aliyemnawisha. Ninaikumbuka mikono ile juu ya beseni: ngozi ya vidoleni imepasuka kwa saruji, na maji yalipoingia kwenye nyufa kijana alivuta pumzi kidogo. Bibi aliona. Aliinuka bila ya kusema neno, akarudi na mafuta ya nazi kwenye kikombe, akakiweka kando ya sinia ayapake akishakula. Hakutia tonge kinywani mpaka mgeni alipokula matatu. Hapo akasema, "Alhamdulillahi," na mabega yake yakalegea. Sikuwa nimetambua kwamba tangu alfajiri alikuwa na hofu.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena, na kabla ya adhuhuri ikasikika hodi. Alikuwa fundi yule yule, amenyoa vizuri, ameshika kilo mbili za sukari na kipande cha kanga kwa ajili ya bibi. Bibi alivipokea kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda.

"Mwanangu, wewe sasa ni wa hapa. Nenda Kaekuu ukanitafutie mgeni."

Bibi akaiweka sukari mkekani, fundi akatoka.