Farasi Hazai Kama Ng'ombe: Nilivyoandika Hadithi Yangu ya Mapenzi ya Mufindi

Ujumbe uliingia saa nne usiku, nikiwa nimeshapokea hela za wasomaji thelathini na kitu kwa ajili ya sehemu ya sita ya hadithi ninayouza kwa simu. "Dada, hadithi tamu, ila huyo farasi wako kabeba mimba miezi tisa. Huyo ni ng'ombe."

Nilicheka, halafu nikaona haya. Mimi nauza dawa za mifugo Mafinga, mkoani Iringa. Kutwa nashinda nikiwaambia watu nguruwe hubeba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, mbuzi miezi mitano, ng'ombe tisa. Farasi hakuna mteja aliyewahi kuniulizia, basi nikamkopesha mimba ya ng'ombe nikidhani hakuna atakayejua.

Niseme ukweli, farasi mwenyewe nilimweka kama wenzangu wanavyoweka Prado kwenye hadithi za Dar. Nilishachoka na bosi anayempenda mfanyakazi wake wa ndani. Nilitaka mapenzi ya huku kwetu, ya ukungu na mashamba ya chai, na niliwahi kuwaona wageni wamepanda farasi kwenye barabara ya vumbi kule Mufindi, nikasema hapo hapo. Kwa hiyo Ayubu, kijana wangu, alikuwa anatokea juu ya farasi, anashuka, anamshika mkono Sekela, mpenzi wake, na farasi hatumsikii tena mpaka sehemu inayofuata. Hali wala hanyi.

Nilisimamisha hadithi. Wiki hiyo hiyo dereva wa shamba moja lenye farasi alikuja dukani kuchukua dawa ya minyoo, nikamng'ang'ania. Akasema, "Njoo Jumapili, nikupeleke kwa mzee."

Mzee ni saisi, amewatunza farasi tangu ujana wake. Nilimkuta anakwangua kwato. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaongeza "kamwene", salamu ya Kihehe, na kunitazama viatu. "Wewe ndiye binti unayeandika farasi?" Nikakubali. "Haya, nenda kamsalimie yule pale."

Nikaenda. Nilimwendea jike yule kwa nyuma, kama ninavyomwendea ng'ombe wa baba. Mzee alinivuta gauni. Farasi haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja, wala kilicho mbele kabisa ya paji lake, na kitu asichokiona hukijibu kwa teke. Unamwendea ubavuni, usawa wa bega, huku unaongea ajue uko wapi. Karoti unaiweka kwenye kiganja kilichonyooka, vidole vimebana pamoja. Midomo yake ilipopita kiganjani nilishangaa ulaini wake, kama kitambaa cha kanzu ya zamani. Nikajua kuwa sehemu zote sita nilizoandika zinafutwa.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa maneno. Nilikuwa nimejaza lijamu (chuma cha mdomoni) na hatamu (kamba ya kumwongozea) kila mahali, maneno niliyoyapata darasani. Mzee anasema "chuma" na "kamba", basi. Sikuyatupa ya kwangu. Nilimpa Ayubu lijamu na hatamu kwa sababu kasomea udaktari wa mifugo chuo kikuu cha SUA, Morogoro, na Sekela, binti wa Tukuyu aliyejifunzia kazi zizini, nikampa chuma na kamba. Wakigombana anamwigiza: "Haya daktari, nifungie lijamu." Nusu ya mahaba yao iko kwenye utani huo, na sikuupanga.

Cha pili kilinipa hadithi yenyewe. Nilikuwa sina sababu ya maana ya Ayubu kufika Mufindi. Ng'ombe tunampandisha kwa mrija wa mbegu. Mtaalamu anakuja na mtungi wake wa baridi, dakika kumi kaondoka. Lakini farasi wa mbio wa Thoroughbred hasajiliwi kama mimba yake ilitiwa kwa mrija. Ni lazima dume na jike wakutane wenyewe. Kumbe! Ingekuwa ng'ombe, mapenzi yangu yangeishia ukurasa wa pili. Sasa dume likapanda lori kutoka Arusha, Ayubu akalisindikiza njia nzima maana halitulii na mtu mwingine, wakafika Mufindi mwezi wa kwanza, mvua inanyesha na lori limekwama kwenye utelezi mita mia mbili kabla ya geti. Anayetoka kuwasukuma ni Sekela.

Halafu kuna jambo ambalo mzee alilitaja kijuujuu tu, huku akitafuta kiberiti. Shamba la kuzalisha huwa na dume la kupimia. Ni dume la bei ndogo. Linapitishwa kwenye uzio, jike upande wa pili. Kama jike hayuko tayari, analaza masikio nyuma, anapiga kelele na kurusha mateke. Akiwa kwenye joto, anatulia, anainua mkia, anakojoa kidogo kidogo. Joto hilo hukaa siku tano hivi na hurudi kila baada ya kama siku 21. Mtunzaji akishaona dalili, dume la kupimia linarudishwa bandani na lile la thamani ndilo linaletwa.

Nikauliza, "Na lile la kupimia linapata lini?"

"Halipati."

Niliandika neno hilo nyuma ya risiti. Hadithi yangu ilikuwa na karani wa shamba, hasidi wa kawaida tu, mwenye fitina na miwani. Usiku ule nilimwandika upya. Yeye ndiye aliyemzoesha Sekela kucheka tena baada ya msiba, ndiye aliyemnunulia mabuti, ndiye aliyemsubiri miezi. Kisha lori likaja kutoka Arusha. Sikumwambia msomaji huyu ni nani, nilichofanya ni kumpa kazi ya kulipitisha dume dogo kwenye uzio kila asubuhi. Wengi walimwonea huruma bila kujua kwa nini. Dada mmoja wa Njombe alijua, akaniandikia, "Wewe mwandishi una roho mbaya."

Mimba ya farasi ni miezi kumi na moja, hivi. Mwanzoni niliiona ndefu mno, ila ikanisaidia kuliko kitu chochote. Dume na Ayubu wanarudi Arusha, na Sekela anabaki na jike anayekua tumbo, wa jina la Bustani, kwa ajili ya Kitulo, ile hifadhi ya maua ambayo wenyewe wanaiita Bustani ya Mungu. Nilibandika kalenda ukutani. Januari amepandwa. Juni na Julai ni ile baridi ya Mufindi, majani yanaamka meupe kwa jalidi na Sekela anavunja barafu nyembamba kwenye ndoo ya maji. Desemba azae. Kila simu ya Ayubu ina swali moja la farasi na moja lisilo la farasi, na jinsi miezi inavyokwenda yale ya farasi yanapungua.

Katikati nilikuwa nimeweka mama mkwe mchawi. Nikamtoa. Badala yake, mwishoni mwa mvua, Aprili, niliweka ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na vijidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma kuanzia machweo hadi alfajiri. Ndiyo maana pale shambani farasi wanaingizwa ndani kabla jua halijazama. Karani anachelewa siku moja tu kuwaingiza, kwa sababu ambayo msomaji anaijua na Sekela haijui. Siku chache baadaye farasi mmoja mzee anasimama shingo imenyooka, pumzi inakoroma, povu linamtoka puani. Niliandika kurasa tatu za chanjo. Zote nilizifuta, nikabakiza povu.

Kuzaa ilibidi nikuone kwa macho. Mzee aliniita simu: chuchu zimetoa matone yaliyoganda kama nta, dalili kwamba ni siku chache zimebaki. Nilifunga duka. Usiku wa kwanza hakuna kitu, wa pili hakuna, na mzee akasema majike huwa wanasubiri watu wachoke. Usiku wa tatu, karibu saa tisa, nimesinzia kwenye majani makavu, maji yakapasuka. Kuanzia hapo haikufika nusu saa. Ukatokea mfuko mweupe, mguu mmoja ukitangulia mwenzake kidogo, na pua imelala juu ya magoti. "Ukiona nyekundu badala ya nyeupe," mzee alininong'oneza, "usiulize, chana." Mtoto alipotoka nilimtazama kwato kwa tochi ya simu. Chini zimefunikwa vitu laini, vyeupe, vyenye vidole vidole kama uyoga, ili zisimchane mama tumboni. Akisimama vinachakaa. Alianguka mara nne. Kabla ya saa moja kupita alikuwa amesimama.

Kisha tukangoja kondo la nyuma. Likikaa ndani zaidi ya masaa matatu, anaitwa daktari. Lilipotoka, mzee alilitandaza sakafuni, akalipapasa kwa viganja kutafuta kama kuna kipande kilichobaki tumboni. Limekaa kama suruali, miguu miwili na kiuno. Ncha za miguu ndizo zinazokatikia ndani.

Busu la kwanza la Sekela na Ayubu, lililokuwa chini ya mbalamwezi na maua ya waridi, nikalihamishia hapo. Wamepiga magoti saa kumi usiku, tochi iko mdomoni mwa Ayubu, yeye anafuata mguu mmoja wa ile suruali na Sekela mwingine, wanakutana kiunoni. Limekamilika. Ayubu anaitoa tochi mdomoni.

Msomaji mmoja alisema amepata kichefuchefu, anataka buku lake. Nikamrudishia, na ya kutolea. Waliobaki walikesha wakiniuliza sehemu inayofuata itatoka lini.

Sehemu hiyo niliichapa kwenye karatasi nikampelekea mzee, maana simu yake ni ya batani. Mjukuu wake ndiye aliyesoma, amesimama mlangoni mwa zizi. Mzee alisikiliza huku anakwangua kwato, kimya. Ilipofika kwenye busu mjukuu aliguna na kuliruka, mzee akamwambia, "Soma lote." Likasomwa. Nikangoja.

"Na kitovu?" akaniuliza.

"Kitovu gani, mzee?"

"Cha mtoto. Wameshikana pale, kitovu hakijapakwa ayodini."

Nilirudi Mafinga nikaongeza mstari mmoja. Sasa Sekela anamsukuma kidogo, anasema "ngoja", anachukua chupa.