Vile nafanya kazi na vijana ku garaji yangu

Mi niko na garaji ku Kampemba, hapa Lubumbashi, tunatengeneza sana taksibisi na malori yenye inatoka Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, na bafundi bangu karibu bote ni vijana, baingine habajafika hata myaka 25. Barafiki yangu ba umri yangu benye biko na batu ba kazi banalia kila siku: vijana ba leo habapende kazi, banapenda telefone, ukimukaripia kidogo kesho haonekane tena, amekwenda Kolwezi, ku migodi. Mi ile sikubali kabisa. Kazi banapenda. Kitu habana ni imani kwa patro, na biko na haki yabo.

Angalia fasi banatoka. Bazee betu balikuwa banasema kazi njo baba, kazi njo mama, na ilikuwa kweli: kampani ya migodi Union Minière, halafu kuanzia 1967 ile ya serikali yenye ilikuya kuitwa Gécamines, ilikuwa inakupa nyumba, poso ya unga, masomo ya batoto, hospitali. Kisha mugodi ya Kamoto ikaanguka mwaka 1990, shaba ikapunguka myaka kwa myaka, mpaka 2003 bafanyakazi zaidi ya 10,000 bakatoka kwa ile mpango ya kuondoka kwa hiari yenye Banki ya Dunia ilisaidia kulipa. Hawa vijana ni batoto na bajukuu ba ile wakati. Mingi yabo bamekomalia mu nyumba fasi baba anaamuka saa kumi na moja, anavaa, anakwenda kazi, na mwezi inaisha anarudia mikono mitupu. Sasa wewe unamuambia vumilia mwanangu, mbele itakuwa muzuri, atakuamini juu ya nini?

Njo maana kitu ya kwanza nilishika ni makuta. Niliacha kulipa mwisho ya mwezi, nalipa kila siku ya posho (Jumamosi) saa nane, mbele hata hatujafunga sanduku ya vyombo, na kama kiliya hajanilipa ile ni shida yangu na kiliya, kijana haimuangalie. Tena nikaweka tablo pembeni ya mulango, tunaandika namba ya motokari, nani iko anaifanya, bei ya kazi bila pyesi, na sehemu yake iko ngapi. Kila mutu anaisoma akiingia asubui. Siku moja mumoja akanisimamia pale mbele ya bote: "Patro, kwa ile lori ya bluu, sehemu yangu ni kidogo." Nikachukua kalamu, tukaanzia ku bei yote ya kiliya, tukatoa bei ya pyesi, tukatoa mafuta, tukagawa, ikabaki ile ile yenye iliandikwa, akacheka akarudia chini ya lori. Mi ile ubishi naipenda sana, juu mutu mwenye anaamini kama unamuiba hakuulize, anakunyamazia na anaondoka.

Lakini makuta peke yake haitoshe, vijana banataka kuonekana kama banajua kitu, na kweli banajua. Nitawaambia moja. Ilikuya Hiace inatetemeka vibaya, mutu hata kushika usukani hawezi vizuri. Fundi wangu muzee, mwenye masikio yake naiheshimu sana, akasikiliza akasema ni pompi ya esanse. Kijana mumoja akachomeka skana yake, kamashini kenye kanasoma kodi ya ubaya ya moteri, ile ya Bluetooth yenye inaingia ku telefone, ikatoa kodi P0300 na P0302, maana moteri inaruka moto, na zaidi ni silinda ya pili. Hakubishana na muzee. Alitoa bobini (ile inapeleka umeme ku bujii) ya silinda ya pili akaiweka ku ya tatu, akafuta kodi, akawasha, na kodi ikahama, ikakuwa P0303, silinda ya tatu, maana ubaya uko ku ile bobini. Muzee akasema: "Mwanangu, rudia nione." Akarudia. Halafu muzee akainama akatia kidole ku shimo ya bujii, ikatoka na mafuta, akamuonyesha: joint ya kifuniko ya moteri imekufa, ukibadirisha bobini tu, kisha wakati kidogo hii Hiace itarudia hapa na kiliya atatutukana. Bote babili balikuwa na sehemu ya ukweli! Tangu pale nabaweka babili babili, mwenye skana na mwenye masikio, na primu banagawa sawasawa, na ile kelele ya "wewe mutoto" na "wewe muzee" imepunguka sana.

Kukaripia, sifanye mbele ya kiliya. Sisi tulifundishwa kazi kwa kupigwa na kle ku kichwa, na sione nini ilituongezea. Mutu akivunja bulo namuita nyuma ya lori, namuambia anieleze alifanya nini hatua kwa hatua, na mara mingi anajiona yeye mwenyewe mbele sijasema. Telefone sijaikataza, ni chombo ya kazi: piga foto ya kila kitu mbele ya kukifungua, uitume ku grupu. Ila video wakati mwenzako iko chini ya motokari, pale hapana, pale narudisha mutu nyumbani.

Na umeme ya SNEL, kampani ya umeme ya serikali, munaijua, inakuya wakati inataka, na bila umeme hakuna kuchomelea wala kompresere. Nikabaachia bapange saa yabo beenyewe, kwa sharti masaa ya juma isipite 45 yenye sheria ya kazi ya 2002 inasema. Bakapanga zamu, baingine banakuya usiku umeme ikirudia, banalala asubui, na ile ya kuchelewa karibu imeisha.

Baingine banaondoka hata hivi. Kolwezi ni kilometa karibu 300, makampani ya migodi inalipa dola, siwezi kushindana nayo. Mwenye anaondoka namupa barua ya kazi yenye kusema ukweli juu yake, na mumoja mwenye alienda kule sasa njo ananitumia malori. Mwingine anataka kufungua garaji yake ku Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Tumepatana nimukopeshe kompresere ya zamani, alipe kidogo kidogo kila mwezi, tumeandika mukataba, lakini anasema hatie sinyatire mbele mama yake hajaisoma. Iko na haki. Nimemuambia amulete, tuisome sisi batatu.