Siku moja maishani mwangu: Kidato cha Pili wanapokabidhi kazi

Saa 11:30 alfajiri

Kigoma tunafuata saa ileile ya Dar es Salaam, ilhali jua hutufikia zaidi ya nusu saa baada ya kuwafikia wenzetu wa pwani, kwa hiyo mwanafunzi anayetakiwa kuwa getini saa moja kasoro robo hutoka kwao giza likiwa halijaisha. Nami huamka katika giza hilohilo. Ninafundisha Jiografia katika sekondari ya kutwa upande wa Ujiji, na kwa uteuzi wa mkuu wa shule ni mlezi wa serikali ya wanafunzi. Leo ilikuwa siku ya makabidhiano. Kwetu kaka mkuu na dada mkuu hutoka Kidato cha Tatu, lakini kazi nyingi za kila siku, yaani umonita, stoo ya chakula, vitabu, usafi na kitalu cha miche, tumewaachia Kidato cha Pili, watoto wa miaka 14 au 15, ambao kila mwisho wa mwaka huzikabidhi kwa wadogo zao wa Kidato cha Kwanza.

Saa 12:40 asubuhi

Nilimtangulia hata mwalimu wa zamu, kwa sababu nilitaka kuona nani amekuja. Upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili umekwisha, na ukishaisha wengi hujiona wameufunga mwaka, hata kama kalenda ya shule inasema vingine: wapo wanaoshinda mwaloni Kibirizi wakisaidia kuanika dagaa, na wapo wanaobakishwa nyumbani kulea wadogo zao. Mwanafunzi anayekuja wiki hii haletwi na mtihani, na kwa kweli haletwi hata na hofu ya daftari la mahudhurio, kwa maana wote wanajua kwamba siku hizi hatulikazii sana.

Kufikia saa moja viongozi karibu wote walikuwa wamefika na fagio zinatembea. Msimamizi wa usafi wa mkondo B alinifuata nikikagua vyoo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Alikuwa na swali ambalo nadhani lilimnyima usingizi. Matokeo ya upimaji hutoka Januari, na asiyefikia kiwango hurudia kidato. Sasa, ikiwa yeye atarudia, atakaa darasa moja na huyu anayemkabidhi leo, na huyo ndiye atakayempangia zamu ya kudeki. Sikuona sababu ya kumbembeleza. Nilimwambia kwamba ndivyo itakavyokuwa, na kwamba ikitokea hivyo, mpanga zamu atahitaji darasani mtu mmoja anayeijua kazi kuliko yeye. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi ngoja nimfundishe vizuri, asije akanionea." Nimesikiliza hotuba nyingi za uongozi ambazo hazikufika hapo.

Saa 1:30 asubuhi

Mstarini, baada ya wimbo wa taifa, viranja walisimama mbele mikono mitupu. Kwa mgeni hilo si jambo la kutazama mara mbili, lakini kwetu lina historia. Kwa muda mrefu kiranja alishika fimbo asubuhi na kuwakimbiza waliochelewa, na walimu tulipita pale tukiona ni utaratibu wa shule. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko ziko wazi: anayeitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko havizidi vinne, na kila tukio huandikwa kitabuni. Kiranja hayumo. Kumpa mtoto wa miaka 14 fimbo awachape wenzake kunakiuka kanuni, na zaidi ya hapo, kwa maoni yangu, kunamharibu yeye mwenyewe kabla ya kumuumiza mwenzake, kwa sababu anajifunza kuwa uongozi ni kuogopwa.

Mkuu wa shule alipoziondoa fimbo mapema mwaka huu, mwanzo haukupendeza. Wachelewaji waliongezeka, na baadhi ya viranja waliomba kujiuzulu, wakiuliza watamwongozaje mtu asiyewaogopa. Waliotutoa hapo ni Kidato cha Pili. Waliacha kuandika majina peke yake, wakaongeza safu moja daftarini: sababu. Baada ya wiki chache daftari lilionyesha kwamba wachelewaji walewale walitoka njia zilezile, na wengi wao walikuwa wasichana wanaongoja kupambazuke kwa kuwa wanaogopa kupita gizani peke yao. Viongozi wakachora orodha ya wanaokaa jirani, wakapanga makundi ya kuondoka pamoja, kila kundi likiwa na mtu wa kugonga milango. Uchelewaji haukuisha, ila ulipungua kiasi cha mwalimu wa zamu kuona tofauti. Asubuhi hii orodha hiyo ndiyo iliyokuwa kitu cha kwanza kukabidhiwa, mbele ya shule nzima.

Saa 2:30 asubuhi

Stoo ya chakula ilichukua muda kuliko nilivyopanga, na sijutii. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, lakini chakula cha mchana katika shule ya kutwa kama yetu hutokana na makubaliano ya wazazi, ambao wengi huleta mahindi na maharage badala ya fedha. Kwa hiyo stoo ni mali ya watu, na daftari lake husomwa kwenye kikao cha wazazi. Aliyelishika mwaka huu ni msichana mkimya kutoka Kibirizi, mtoto wa mvuvi, ambaye kila Ijumaa alipima kilichobaki na kukiandika kwa mwandiko mdogo kama mchele.

Mrithi wake wa Kidato cha Kwanza, kijana mfupi mwenye shati linalomzidi, alisoma ukurasa wa mwisho, akatazama magunia, akakataa kutia sahihi. Alitaka mahindi yapimwe upya. Msichana alikasirika, na hakuficha. Mwaka mzima hakuna mwalimu aliyemtilia shaka, na sasa mtoto wa jana anataka mizani. Nilijizuia kusema neno. Mpishi wetu, mama mtu mzima ambaye wanafunzi humwita bibi, ndiye aliyesema, "Mjukuu wangu, asiyepima leo kesho ataulizwa yeye." Wakapima. Zilipungua kilo chache, na msichana akafungua kurasa za nyuma kuonyesha mahali alipoandika gunia lililotobolewa na panya, na tarehe aliyomwarifu mwalimu wa chakula. Kijana akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaandika idadi mpya chini ya ile ya zamani, ndipo akasaini. Msichana naye akasaini pembeni yake, bado amenuna, kisha akamwonyesha jinsi ya kufunga mlango ambao kitasa chake hakishiki bila kuuinua.

Nilichokiona pale ni viongozi wawili. Mmoja aliweza kuthibitisha kila alichofanya, na mwingine hakukubali kubeba asichokihesabu, ingawa aliyesimama mbele yake alikuwa dada yake kwa kidato.

Saa 4:30 asubuhi

Uji, na mvua ya dakika kumi.

Saa 5:00 asubuhi

Kitalu kiko nyuma ya maabara. Kina miche ya miti ya matunda na ya michikichi, zao ambalo mkoa wetu umehimizwa kulifufua tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga. Wanafunzi wanajua tofauti ya Dura, ile michikichi ya zamani iliyojaa mkoani, na Tenera, mbegu chotara yenye mafuta mengi zaidi inayozalishwa na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga. Tenera ikitunzwa huanza kuzaa karibu miaka mitatu baada ya kuhamishiwa shambani. Monita wa Kidato cha Pili alipiga hesabu kwa sauti: wao watakuwa wameshamaliza Kidato cha Nne, na wa Kidato cha Kwanza watakuwa wanajiandaa kuondoka. "Kwa hiyo mawese ni ya watakaokuja," alisema, akaendelea kuhesabu viriba.

Kilabu cha mazingira kinachosimamia kitalu kinafuata mfano wa Roots & Shoots, mpango ulioanzishwa mwaka 1991 jijini Dar es Salaam na Jane Goodall, yule aliyefika Gombe, kaskazini mwa mji huu, mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Ulianza na wanafunzi 12 wa sekondari waliokwenda kumweleza yaliyowasumbua katika mazingira yao. Huwa ninawatajia idadi hiyo, kwa kuwa kila mwaka yupo anayelalamika kwamba kilabu kina watu wachache.

Saa 8:30 mchana

Baada ya makande tulikaa kwenye baraza la wanafunzi chini ya miembe, na hapo Kidato cha Kwanza waliruhusiwa kuwauliza viongozi wanaoondoka lolote linalohusu kazi yao. Swali lililowasha moto lilimhusu monita mmoja ambaye, kwa madai ya muulizaji, aliandika majina ya wapiga kelele na kuwaruka marafiki zake. Monita alianza kwa kukana. Wakatajwa marafiki, wakatajwa na siku. Alinyamaza, kisha akasema kwamba ni kweli aliwaruka wawili, kwa kuwa anarudi nao nyumbani kila jioni na njia ni ndefu. Vicheko vilikuwa vingi, lakini hakuna aliyemzomea. Mrithi wake aliomba kubadilisha utaratibu: badala ya kuandika majina, mwalimu asipofika kwa dakika kumi, monita aende kumfuata ofisini, kwa sababu kelele huanza darasa likiwa halina mwalimu. Walimu wenzangu wawili waliokuwepo walitazamana. Pendekezo litafika kikao cha walimu Januari, nami nitalitetea, ingawa najua kuna watakaoliona kuwa ni utovu wa adabu.

Saa 10:15 jioni

Ofisini, ripoti. Upande wa masomo hujazwa kwa alama, na hauna ugomvi. Upande wa tabia na mwenendo tunatakiwa kuweka herufi moja mbele ya kila kipengele: kujituma, ushirikiano, utunzaji wa mali, utii. Nilimwekea yule msichana wa stoo A ya utunzaji wa mali, kisha nikasita kwenye utii wa kijana aliyekataa kusaini. Kwa tafsiri ya kawaida ya ripoti zetu, mtoto anayemkatalia mkubwa wake hapati A. Nilimpa A, na kwenye nafasi ya maoni nikaeleza kilichotokea, ili mzazi wake asome tukio lenyewe na si herufi tu.

Saa 12:00 jioni

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa nilipofunga kabati, maana linalochelewa kwetu asubuhi huchelewa pia kuondoka. Yule monita wa kitalu alikuwa ananingoja kwenye korido na karatasi ya zamu za likizo. Alikuwa amepanga umwagiliaji wa Desemba nzima. Nilimuuliza mvua hizi zinazonyesha kila mchana zinafanya kazi gani, akacheka, akafuta neno "kumwagilia", akaandika "kupalilia na kufukuza mbuzi". Zamu mbili za kwanza alikuwa amejiandikia yeye pamoja na mrithi wake, na baada ya hapo jina lake halikuonekana tena. Tuliibandika mlangoni mwa stoo, akaniaga, akakimbia kuwawahi wenzake wa njia moja.